Kiinitete hakihukumiwi kwa picha ya mnato

Mwezi Agosti 2025 ilizunguka mitandaoni video fupi kutoka Barcelona. Inaonyesha kiinitete cha binadamu, yaani yai lililorutubishwa likiwa na umri wa siku chache, kidude cha mviringo kidogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii, kikijichimbia ndani ya jeli ya kolajeni. Ukitazama kwa makini utaona nyuzi za jeli hiyo zikivutwa kuelekea kilipo, kama mkeka unavyokunjamana mtu anapoushika katikati na kuuvuta. Walioirekodi ni watafiti wa taasisi ya uhandisi wa kibayolojia ya Catalonia, IBEC, wakiongozwa na Samuel Ojosnegros na kushirikiana na madaktari wa uzazi wa hospitali ya Dexeus. Habari nyingi zilizoandikwa juu yake ziliimba wimbo mmoja: tumeona mimba ikitunga, tazameni maajabu ya mwanzo wa uhai. Baadhi ya waliosambaza video hawakukawia kuongeza kwamba ilipigwa tumboni mwa mwanamke. Haikupigwa tumboni. Ilipigwa maabara, ndani ya chombo, kwa viinitete vilivyotolewa kwa hiari kwa ajili ya utafiti.

Kosa hilo la mahali ni dogo na linasahihishika. Linalonisumbua ni kwamba tumeipokea video hii, na nyingine za aina yake zilizotoka miaka hii ya karibuni, kama pambo: kitu cha kushangaa dakika moja kisha kuendelea na mambo mengine. Msimamo wangu ni kwamba picha hizi za viinitete hai ni ushahidi, na ushahidi wenyewe unatikisa desturi iliyokwisha kuota mizizi katika kliniki za uzazi, zile zinazorutubisha yai maabara kisha kulipandikiza tumboni: kuchukua seli chache za kiinitete, kuzisoma mara moja, kisha kukihukumu kiinitete kizima. Anayeziangalia kama maajabu tu atapitwa na jambo linalomgusa dada yake, shemeji yake, au yeye mwenyewe.

Ili kuelewa uzito wake, ni lazima tukubali jambo lisilopendeza: kwa muda mrefu sana elimu ya ukuaji wa kiumbe imejengwa juu ya vilivyokufa. Nakumbuka kidato cha pili tulivyopanga foleni mbele ya hadubini moja ya shule, kila mmoja na kipande chake cha ngozi ya kitunguu kilichotiwa tone la iodini. Seli zilionekana vizuri mno, zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake cha rangi ya kahawia. Hakuna aliyetuambia kuwa iodini ileile iliyotuwezesha kuziona ndiyo iliyoziua. Wataalamu wakubwa nao walifanya hivyohivyo kwa vifaa bora zaidi. Walikigandisha kiinitete kwa dawa, wakakikata vipande vyembamba, wakakipaka rangi, wakachora. Halafu walichukua kingine kilichokizidi umri kwa siku moja, wakarudia. Kilichotokea kati ya mchoro wa kwanza na wa pili walikijaza kwa kukisia, na kukisia kwao kuliingia vitabuni kama elimu.

Mtu aliyekataa kukisia ni John Sulston wa Cambridge. Alichagua mnyoo mdogo anayeonekana hadi ndani kama kioo, akaketi mbele ya hadubini kila siku kwa muda wa saa nne asubuhi na muda wa saa nne nyingine alasiri, kwa takriban mwaka mmoja na nusu, akifuata kwa penseli kila seli inapogawanyika tangu yai hadi mnyoo anapoanguliwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1983. Alihesabu seli 671 zinazozaliwa katika kipindi hicho, na kati ya hizo 113 hufa zikiwa bado changa, zilezile kila mara, kwa mpangilio uleule. Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Seli inayokufa humezwa na jirani zake bila kuacha alama. Picha ya mnato ya mnyoo aliyekamilika, hata ingepigwa kwa chombo bora kuliko vyote duniani, isingekuambia kwamba seli hizo ziliwahi kuwapo. Ni lazima uwe umetazama zikiwa hai. Wahenga walituonya tusione vyaelea, vimeundwa. Sulston alikaa akatazama uundaji wenyewe, na mwaka 2002 alikuwa mmoja wa waliopewa Nobel ya Tiba.

Mnyoo ule ulikuwa rahisi kwa sababu ni kioo na ni mdogo. Kiinitete cha mnyama mwenye kondo la nyuma ni habari nyingine. Kuna protini inayong'ara kijani, iliyopatikana kwa konyeza, yule kiumbe wa baharini mwenye mwili wa ute. Osamu Shimomura aliieleza mwaka 1962, na baadaye ikawa taa ya kuwasha ndani ya seli yoyote unayotaka kuifuata. Lakini ili taa hiyo ing'are unapaswa kuimulika, na mwanga mkali unachoma. Hadubini za kawaida za utafiti zilikimulika kiinitete chote kutoka juu hadi chini kila picha moja ilipopigwa, hata sehemu zisizotazamwa kwa wakati huo. Baada ya saa chache uliyekuwa unamchunguza alikuwa mgonjwa, na hukujua tena kama unaona maisha yake ya kawaida au mateso uliyomletea.

Mwaka 2004, Heidelberg, Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao walionyesha njia ya kutoka. Waliuingiza mwanga kwa ubavuni, umebanwa ukawa bapa jembamba, na kamera wakaiweka ikilitazama bapa hilo kwa pembe ya nyuzi 90. Aliyewahi kulala mchana katika chumba chenye giza anaijua picha hii: jua linapenya kwenye ufa wa mlango, na vumbi linaonekana pale tu bapa la mwanga linapopita, kwingine kote giza. Kiinitete nacho humulikwa pale tu kinapopigwa picha kwa wakati huo. Sehemu nyingine hupumzika. Wazo lenyewe lilikuwa na karne nzima, maana Siedentopf na Zsigmondy walilitumia mwanzoni mwa miaka ya 1900 kuona chembe ndogo ndani ya kioo, ila kwa viumbe hai lilikuwa kama limesahauliwa. Mwaka 2018 Kate McDole, Philipp Keller na wenzao huko Marekani waliweza kufuatilia kiinitete cha panya kwa saa 48 mfululizo, tangu tabaka za mwili zinapoanza kujipanga hadi viungo vinapoanza kujitokeza. Vyombo vya habari hupenda kusifia hadubini inayoona kitu kidogo zaidi, na Nobel ya Kemia ya 2014 ilikwenda huko, kwa haki kabisa. Kwa kiinitete, hata hivyo, swali kubwa ni la muda: utakitazama kwa saa ngapi kabla hujakidhuru?

Kwa binadamu mlango ulifunguka juzijuzi tu. Mwaka 2023 kundi la Nicolas Plachta wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitumia rangi zinazoingia zenyewe ndani ya seli, bila kuchezea jeni, likafuatilia viinitete hai vya binadamu. Liliona kwamba seli zetu hukumbatiana na kushikamana baadaye kuliko za panya, na pia jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta: kiinitete kinapotanuka na kujaa maji, baadhi ya seli za tabaka la nje hupoteza vipande vya DNA kutoka kwenye viini vyake. Kuzinyofoa seli kwa ajili ya kipimo nako kunaweza kuleta upotevu huohuo. Kisha mwaka 2025 kundi la Kathy Niakan wa Cambridge lilitumia bapa la mwanga kwa viinitete vya binadamu vilivyokaribia kujipandikiza, kwa karibu siku mbili. Walishuhudia makosa yakitokea mbele ya macho yao. Seli inajiandaa kugawanyika, kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, zinavutwa pande mbili, na moja inachelewa, inabaki katikati kama abiria aliyeachwa kituoni. Yaani makosa mengine hayatoki kwenye yai wala mbegu, wala siku za mwanzo. Huzaliwa saa chache kabla ya kiinitete kutafuta ukuta wa mji wa mimba.

Sasa tukirudishe kiinitete kliniki. Kuna kipimo kinachojulikana kwa kifupi kama PGT-A. Siku ya tano au ya sita, kiinitete kikiwa na seli mia moja hadi mia mbili hivi, mtaalamu hunyofoa seli kama tano za tabaka la nje, lile litakalokuwa kondo la nyuma, na kuhesabu kromosomu zake. Seli ya binadamu inapaswa kuwa na 46. Zikizidi au kupungua, karatasi ya majibu huandika kwamba kiinitete si cha kawaida, na katika kliniki nyingi habari yake huishia hapo. Binti wa baba yangu mdogo alinionyesha karatasi kama hiyo. Miaka minane ya ndoa, mikopo miwili, viinitete vinne. Mbele ya kimoja alama ya kijani, mbele ya vitatu nyekundu. Aliniuliza, "Kaka, hivi vitatu ni vibovu kabisa au wameona kipande tu?" Hakuna aliyempa jibu pale alipotibiwa. Lilikuwa swali sahihi kuliko yote ambayo angeweza kuuliza.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja ya kweli, na sipendi inavyopuuzwa. Makosa mengi ya kromosomu huanzia kwenye yai lenyewe, nayo huongezeka umri wa mama unavyosogea. Kosa la aina hiyo huenea katika kila seli ya kiinitete, kwa hiyo ukichukua tano au hamsini jibu ni lilelile. Kwa mwanamke wa miaka 41 aliyekwisha kupoteza mimba tatu, kupunguza uwezekano wa kuipoteza ya nne ni jambo kubwa, na hata HFEA, mamlaka inayosimamia matibabu haya Uingereza, inakubali kuwa kipimo hupunguza mimba kuharibika. Lakini mamlaka hiyohiyo inasema kuwa kwa wagonjwa wengi hakiongezi nafasi ya kupata mtoto. Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2021, wenye wanawake 1,212 waliokuwa na matumaini mazuri tangu mwanzo, ulikuta kwamba waliopimiwa viinitete waliojifungua walikuwa asilimia 77.2, na wasiopimiwa asilimia 81.8. Kama kipimo kingekuwa kinatupa vibovu tu, kundi la kwanza lisingebaki nyuma. Maelezo ninayoyaona kuwa ya karibu zaidi ni kwamba miongoni mwa vilivyotupwa vilikuwamo vilivyoweza kuwa watoto.

Ushahidi wa hilo ulikuwapo kabla ya video. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti kuwapandikiza wanawake 18 viinitete vilivyoonyesha mchanganyiko wa seli nzima na zenye kasoro. Walizaliwa watoto sita wenye afya. Mwaka uliofuata Magdalena Zernicka-Goetz na wenzake walionyesha kwa panya kwamba seli zenye kasoro zikichanganyika na nzima, zile zenye kasoro hupungua au kujiua ndani ya sehemu itakayokuwa mwili. Zernicka-Goetz amesimulia hadharani kilichomsukuma: alipokuwa mjamzito akiwa na miaka 44, kipimo cha kondo kilionyesha hadi robo ya seli zikiwa na kasoro, na mtoto akazaliwa mzima. Kilichokosekana ni kuona lini na wapi makosa yenyewe huzaliwa kwa binadamu. Hapo ndipo picha hai zinapoongeza kitu ambacho takwimu peke yake haziwezi. Kosa likizaliwa jioni ya siku ya tano katika seli moja ya tabaka la nje, na asubuhi seli hiyo ikawa miongoni mwa tano zilizonyofolewa, umehukumu seli 150 kwa ajali ya moja.

Wapinzani makini watasema: huenda mwanga wenu ndio ulioharibu seli hizo. Hoja nzito, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye suala la bapa la mwanga. Hata hivyo, kundi la Leuven nchini Ubelgiji lilionyesha mwaka 2009, kwa kusoma kromosomu za seli moja moja bila kuzimulika, kwamba viinitete vichanga vya binadamu hujaa makosa ya aina hii. Mwanga haukuyaleta, umetusaidia kujua saa yake. Watasema pia kwamba viinitete vinavyotazamwa ni vichache, vimekaa kwenye barafu, na vimetoka kwa wenzi wenye shida ya uzazi. Hilo nalikubali lote. Kwa sababu hiyo sidai kwamba tunajua ni makosa mangapi hutokea kwa kiinitete kilichotungwa tumboni bila msaada. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kinawahusu hasa wenzi hao wenye shida, maana ndio wanaouziwa kipimo.

Wapo wanaoona kwamba kumtazama binadamu katika hatua hiyo ni kuvuka mpaka usiovukwa. Hofu hiyo ina heshima yake, na sheria imeisikia: Uingereza, tangu 1990, ni marufuku kukuza kiinitete maabara kupita siku 14, na rekodi nilizozitaja ziliishia mapema zaidi ya hapo. Wengine wanauliza kwa nini tusitumie vile vinavyoitwa viinitete vya kuunda kwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, vilivyotangazwa kwa kishindo mwaka 2023. Vina kazi yake, hasa kwa wiki ya pili ambayo sheria inaifunga. Ila kwa swali letu havisaidii sana, kwa kuwa hutujulisha jinsi seli zinavyojipanga. Havituambii kiinitete kilichotoka kwa mama wa miaka 38 hukosea wapi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia zaidi kwetu: hizi ni anasa za matajiri, sisi tuna malaria na vifo vya uzazi, picha za viinitete zitatusaidia nini? Kwanza, matibabu haya yako hapa tayari. Mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa maabara Uganda alizaliwa mwaka 2004, Kenya mwaka 2006, na leo kliniki zipo Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mama anayelipia mamilioni yanayotokana na shamba lililouzwa hafanyi anasa. Yumo katika matibabu, na ana haki ya kupimwa kwa maarifa ya leo. Pili, kutenganisha malaria na hadubini bora ni kutojua malaria. OpenFlexure, hadubini ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki, ilitengenezwa kwa ushirikiano wa wahandisi wa Uingereza na wenzao wa Dar es Salaam, na ikafanyiwa kazi na Taasisi ya Afya Ifakara kwa ajili ya kutafuta vimelea vya malaria kwenye damu. Cape Town nako kuna kituo cha Africa Microscopy Initiative kinachowapokea watafiti wa bara hili bila kuwatoza gharama ya kutumia mitambo. Anayejifunza kumtazama kimelea akiwa hai bila kumchoma kwa mwanga anajifunza ufundi uleule wa Barcelona.

Kinachofuata ni cha haraka kuliko kununua mitambo. Majibu ya kipimo yaandike kilichopimwa: seli tano za tabaka la nje, kati ya nyingi, saa fulani ya siku fulani. Yatenganishe kasoro iliyoonekana katika seli zote zilizopimwa na ile iliyoonekana kwa sehemu yake tu. Kiinitete cha kundi la pili kisitupwe bila wenzi kuelezwa kwa lugha wanayoielewa na kupewa muda wa kuamua. Kenya imekuwa na muswada wa uzazi wa kusaidiwa, uliobebwa na mbunge Millie Odhiambo kwa miaka mingi. Mjadala mkubwa umehusu nani anaruhusiwa kuzaa na kwa tumbo la nani. Sijasikia vya kutosha kuhusu nani anamiliki majibu ya kipimo, nani anaamua kiinitete kitupwe, na wazazi wanaotaka kuchangia kilichobaki kwa utafiti wafuate njia ipi. Viinitete nilivyovieleza hapa vilitazamwa katika maabara za Ulaya na Marekani. Vya kwetu hatujaviona vikitazamwa, wakati kliniki zetu zinavitupa.

Binti wa baba mdogo alipandikizwa kile chenye alama ya kijani. Hakikushika. Vile vitatu vyenye nyekundu alikataa visitupwe, ingawa hakuweza kumweleza daktari sababu yake kwa maneno ya kitaalamu. Vipo kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila Januari analipia hifadhi. Mwezi uliopita nilimtumia ile video ya Barcelona. Aliitazama mara mbili, kisha akaniuliza kama kuna daktari yeyote hapa nchini anayeweza kukaa naye aisome ile karatasi upya, mstari kwa mstari. Bado tunamtafuta.